Ndovu kwa Lugha Zote za Ulaya

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametuita wote chumba cha kushonea. Akapanda juu ya sanduku la uzi, mikono kiunoni. Nikajua kuna jambo. Bosi hapandi masanduku bure.

Habari mbaya kwanza. Maduka yamejaa midoli ya plastiki inayoimba na kuwaka taa. Hakuna anayemtaka tembo wa kitambaa asiyefanya chochote. Mambo yakienda hivi, mwisho wa mwezi nusu ya mafundi watabaki nyumbani. Hata cherehani ya pembeni, ambayo hulia peke yake, ilinyamaza.

Habari njema: wiki ijayo anakuja mnunuzi kutoka Ufini, huko Ulaya. Mwanamke. Ana maduka ya midoli, na huwauzia wenzake wa nchi za jirani. Akiwapenda tembo wetu, kazi ipo ya mwaka mzima.

Kisha, akishuka kwenye sanduku, akadondosha jambo la tatu kana kwamba si kitu. Biashara hiyo ikifanikiwa, atateua Msimamizi wa Wateja wa Nje. Atapewa ile ofisi ndogo ya pembeni. Yenye dirisha. Yenye kiti kinachozunguka.

Kiti kinachozunguka!

Mimi ndiye mtunza stoo wa karakana hii. Pamba, vitambaa, vifungo, macho ya kioo, vyote viko chini yangu. Stoo haina dirisha. Kiti changu ni robota la pamba, na robota halizunguki. Kwa hiyo cheo hicho ni changu, kwa haki kabisa.

Tatizo ni Miwani, mkata vitambaa wetu. Alisoma Kifaransa na Kijerumani na hajaturuhusu tusahau hata siku moja. Ukipiga chafya anakujibu Kijerumani. Bosi alipotaja Ulaya, Miwani akaivua miwani yake, akaifuta polepole, akaivaa tena. Najua maana yake. Vita.

Mke wangu, ambaye hushona mikonga na masikio kwenye cherehani ya tatu, akanitazama akasema nisithubutu hata kuwaza. Nilikuwa nimeshawaza.

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Limenijia nikiwa nimekumbatia jora la kitambaa cha kijivu.

Miwani anajua lugha mbili na maneno yake yote. Vizuri. Lakini maneno yote ya nini? Sisi tunatengeneza kitu kimoja tu. Mnunuzi hatakuja kuzungumza siasa. Atazungumza tembo. Basi yeye abaki na lugha zake mbili. Mimi nitajua neno moja katika lugha zote za Ulaya. Nani mjuzi hapo? Jibu liko wazi.

Mpango: kila tembo awe na lebo sikioni, jina lake kwa lugha ya nchi anayokwenda. Nimempelekea Bosi. Amekubali! Mradi nisimsumbue mtu, na maneno yawe sahihi. Neno "sahihi" amelirudia akinitazama usoni. Sijui kwa nini.

Nimeanza utafiti mara moja. Cherehani yetu mpya ilikuja na kijitabu cha maelekezo chenye lugha chungu nzima. Nimekaa nacho mapumziko yote ya mchana badala ya kula. Kila taifa la Ulaya linajua kusema sindano, mafuta, na usiguse. Hakuna hata moja lililomtaja tembo. Nimerudi kazini na njaa.

Jioni nimeazima simu ya mke wangu, maana yangu ni ya vitufe. Sharti: nioshe vyombo. Nimeosha. Vikombe viwili havipo nasi tena. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, amesema vilikuwa vikombe vizuri. Amelisema mara tatu.

Jumatano, 5 Machi

Ulaya ni nyumba moja! Hakuna siri yoyote!

Kijerumani Elefant. Kifaransa éléphant, huyohuyo, wamemtia vipele tu juu ya kichwa. Kihispania, Kiitaliano, Kireno: elefante, elefante, elefante, kama wanafunzi walionakiliana mtihani. Kiromania elefant. Waestonia wanasema elevant na Waholanzi olifant; hawa nadhani waliketi nyuma darasani hawakusikia vizuri. Lakini ni kitu kilekile. Nimetunga kanuni: shika "elefant", ongeza mkia au kata mkia, umemaliza.

Chai ya saa nne nikawatangazia mafundi ugunduzi wangu. Walivutiwa sana, wawili waliacha kutafuna. Miwani akauliza kwa upole, ule upole wake wa kukera: Warusi je? Nikajibu bila kusita: elefantov.

Akatabasamu. Loo! Tabasamu lile. Nikaomba ruhusa, nikakimbilia chooni na simu ya mke wangu.

Kirusi ni slon. Slon! Kicheki slon. Kibulgaria slon. Kikroatia slon. Wapolandi nao słoń, wamemchanja chale. Ukoo mwingine mzima, hauna undugu wowote na ule wa kwanza, na hakuna mtu aliyenionya.

Nikarudi nikamwambia Miwani kwamba nilikuwa namjaribu tu nione kama anajua. Akasema ameelewa. Mafundi wakaangua kicheko. Mke wangu akainama kwenye cherehani yake kama mtu aliyedondosha sindano. Hakuwa amedondosha sindano.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimewafikia wakaidi, wale wasio na ukoo.

Kilithuania: dramblys. Ukilitamka ni kama sufuria inayoshuka ngazi. Nimelipenda. Kilatvia: zilonis. Kiaislandi: fíll. Hili nimelikariri jikoni wakati mama mkwe anamenya vitunguu. Akaniuliza nasema nini. Nikamwambia ni tembo kwa lugha ya Aislandi, kisiwa cha baridi kali mwisho wa dunia. Akasema niache mzaha. Fil ni Kiarabu, yeye amelijua neno hilo tangu mtoto.

Nikamwonyesha simu. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akaweka kisu chini.

"Sasa lilifikaje huko kwenye baridi, baba?"

Akafikiri sana. Mwishowe akakata shauri kwamba neno hilo limeolewa mbali, na wakwe zake wamemwongezea herufi moja ili kumkaribisha. Tangu hapo kila nikipita ananiuliza bibi harusi hajambo?

Kazini mambo si mazuri. Bosi anataka upande wa pili wa lebo uwe na Kiswahili. Nikasema tembo, kwisha habari. Miwani akainua kidole. Akasema tembo pia ni pombe, na si vizuri mtoto mdogo kupelekwa kitandani na pombe. Bosi akacheka mpaka akashika ukuta. Basi imepita: ndovu. Kuanzia leo ni amri, tunasema ndovu. Miaka yote hii nimetunza stoo ya tembo, na mtu mmoja mwenye mkasi amewafuta kwa sentensi moja.

Jumamosi, 8 Machi

Kifini. Lugha ya mnunuzi mwenyewe! Zingine zote nikikosea ni bahati mbaya. Hii nikikosea ni msiba. Na simu inanipa maneno mawili: elefantti, na norsu. Lipi sasa? La kwanza linafuata kanuni yangu. La pili ni kama mtu anayekoroma. Nikaona hapa panahitajika shahidi mwenye macho na masikio.

Jirani yetu Baharia alikuwa mpishi melini. Alifanya kazi na mabaharia wa Kifini majira mawili ya baridi mfululizo. Ni mtu mnene wa kuheshimika, kifua kama kabati, masharubu meupe yanateremka pande zote mbili za mdomo mpaka kwenye kidevu. Nimemkuta amelala chini ya sinki lake akikaza bomba.

Nikamwamkia, nikamuuliza ndovu kwa Kifini ni elefantti au norsu.

Akajitoa chini ya sinki. Akasimama wima. Akasema si hili wala lile. Ndovu ni mursu.

Nikamuuliza ana uhakika? Akasema namuuliza nani, kama si mtu aliyeitwa hivyo mwenyewe? Wale vijana wa Kifini walimpa jina hilo siku ya kwanza tu alipoingia jikoni. Mursu, leta supu! Mursu, njoo ukae! Alipowauliza maana yake, walimwonyesha kwa mikono: mnyama mkubwa, mkubwa mno, mwili wote nyama. Halafu wakaweka vidole viwili kinywani, vimeelekea chini. Pembe mbili.

"Sasa wewe niambie, mwanangu," akasema, "mnyama mkubwa mwenye pembe mbili kinywani ni nani mwingine?"

Nikafikiri. Hakuna mwingine! Akanieleza kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuheshimiwa kama kwenye meli ile. Kuitwa Ndovu na watu wa mbali. Macho yakamlengalenga kidogo.

Nikaitazama tena simu. Norsu. Mursu. Mwisho ni uleule, zimetofautiana herufi mbili tu za mwanzo! Ni wazi simu imekosea kuandika. Na nani atailaumu? Simu haijawahi kupanda meli.

Jumapili, 9 Machi

Kutwa nzima nimepiga mhuri. Herufi za mpira, wino mweusi, utepe mweupe wa pamba. Za nchi nyingine nimepiga chache chache, za mfano. Za Kifini nimepiga za kundi zima. Nimezianika sebuleni kwenye kamba za nguo, kutoka ukuta hadi ukuta. MURSU. MURSU. MURSU. Panapendeza kama sherehe.

Mama mkwe ameingia, akaangalia juu, akauliza huyu Mursu anagombea nini.

Mke wangu amesema niandike lile la kwenye simu. Nimemweleza habari ya Baharia, supu na vidole viwili. Akasema sawa, lakini simu imesema norsu. Nikamwambia asiwe mbishi. Akasema yeye si mbishi, simu ndiyo iliyoandika. Tumelala vizuri, lakini yeye amelala akiangalia ukutani.

Jumatatu, 10 Machi

Miwani ana hotuba! Nimempata mchana akiisema mbele ya meza ya kukatia, hakuna mtu, mkono mmoja kifuani, Kijerumani kinatiririka. Anamkaribisha mnunuzi. Jamani! Kuna watu hawana aibu kabisa, kujipendekeza kwa hotuba.

Nikala njama ya haraka. Mkasi wake mkubwa ni mboni ya jicho lake. Bila huo hawezi kazi, na bila kazi hawezi kujitutumua. Nikauchukua nikauficha stoo, chini ya kitambaa, juu ya robota la pamba.

Saa tisa Bosi akaingia stoo ghafla kuuliza habari za vifungo. Nikajifanya nimetulia. Nikaketi.

Juu ya robota.

Sitaandika zaidi. Jeraha si kubwa lakini liko mahali ambapo siwezi kumwonyesha mtu. Mke wangu amenifunga bandeji bila kusema neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Miwani amepata mkasi wake. Ameushukuru uongozi wa stoo kwa kuutunza.

Jumatano, 12 Machi

Kesho ndiyo siku. Nimekula nikiwa nimesimama.

Mke wangu amemaliza kushona lebo kwenye masikio. Meza ndefu imejaa ndovu wa kijivu, wote wanatazama mlangoni. Wamependeza mpaka moyo umenijaa. Alipofika kwa wa mwisho aliisoma lebo kwa sauti, herufi kwa herufi, akaniuliza nina uhakika. Nikasema ninao.

Akakata uzi kwa meno. Akaniambia ameshona mikonga hapa tangu binti yetu ananyonya, na binti yetu sasa ameolewa. Hajui kazi nyingine, wala haitaki nyingine. Yule fundi wa cherehani ya kwanza ana watoto wanne na mume mgonjwa. Akaniomba nisiwatie watu majaribuni kwa ajili ya kiti.

Nilitaka kumwambia jambo zuri la kumtuliza. Nikatafuta, nikatafuta.

"Mursu," nikamwambia.

Akacheka, akanipiga na mkonga uliobaki.

Alhamisi, 13 Machi

Lazima niandike yote kabla sijalala.

Amefika asubuhi. Mrefu, koti la mvua, viatu vya mtu anayependa kutembea, uso wa upole. Anazungumza Kiingereza na Bosi. Mafundi wakasimama mbele ya cherehani zao. Miwani akajitokeza na hotuba yake, mkono kifuani, akasema yote mwanzo mpaka mwisho. Mgeni akasikiliza kwa adabu. Alipomaliza, akamwambia Bosi amwombee radhi kwa yule bwana, sauti yake ni nzuri sana, lakini yeye Kijerumani hakijui.

Furaha yangu! Niliificha mdomoni kama peremende.

Zamu yangu. Nikachukua ndovu mkubwa kuliko wote, nikamfunua sikio, nikamsogezea mgeni lebo.

"Mursu!" nikasema.

"Mursu?" akauliza.

"Mursu!"

Akamtazama ndovu. Akanitazama mimi. Akaitazama meza ndefu, na masikio yote yale. Akaanza kuwa mwekundu kuanzia shingoni. Mabega yakamtikisika. Kisha akalipuka! Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakaa sakafuni juu ya mabaki ya vitambaa, akajifuta machozi kwa koti la mvua. Bosi alinitazama jinsi mtu anavyoyatazama maji yanayoingia nyumbani.

Mgeni akaomba karatasi. Akachora. Mnyama mnene, hana mkonga, hana miguu ya maana, amelala juu ya barafu. Mikono kama makasia. Masharubu mazito. Na kinywani, zimeelekea chini, pembe mbili. Akaandika: mursu. Pembeni akamchora ndovu, akaandika: norsu. Akauliza: kwa Kiswahili huyo wa barafu anaitwaje? Hakuna aliyejua. Hata Miwani.

Mafundi walikuwa wanaangalia sakafu. Ndovu wote wale, na kila mmoja ameandikwa jina la mnyama mwingine. Sikumtazama fundi wa cherehani ya kwanza. Nilifikiri nitapoteza stoo. Kisha nikafikiri stoo si kitu, nimewapotezea hawa. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na neno hata moja, kwa lugha yoyote.

Ndipo nikasikia mkasi.

Mke wangu alikuwa ameshaichukua ile karatasi mezani. Amempakata ndovu mmoja, na mkonga ulikuwa tayari uko chini. Hakuna aliyemtuma. Akaikunja miguu ya nyuma ndani, akaishona pamoja. Ya mbele akaibonyeza ikawa bapa. Pembe akazigeuza zikaelekea chini. Akaomba brashi ya kufagilia meza, akang'oa nyuzi zake ngumu, akazipachika kwenye shavu hili na shavu lile. Mikono yake ilikuwa inakwenda bila yeye kuitazama, kama siku zote. Akamweka mezani.

Alikuwa Baharia mtupu! Nusura nimpe shikamoo.

Mgeni aliacha kucheka. Akanyanyuka, akamchukua, akambonyeza tumbo, akamgeuza, akamkumbatia kwa nguvu kama mtoto. Akasema jambo kwa Kifini ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. Kisha akamwambia Bosi kwamba ndovu anao dukani kwake, wazuri, ingawa hawa wetu wana macho mazuri zaidi. Lakini mursu kama huyu hana. Je, mama huyu anaweza kushona wangapi?

Bosi akamgeukia mke wangu. Mke wangu akauliza anawataka wenye masharubu marefu au mafupi.

Ijumaa, 14 Machi

Imekamilika! Kazi ya mwaka mzima. Ndovu nusu, mursu nusu. Hakuna anayebaki nyumbani. Fundi wa cherehani ya kwanza alilia, halafu akaona haya kulia, halafu akalia tena. Mimi pia niliingiwa na kitu jichoni. Stoo ina vumbi.

Mchana Bosi akapanda sanduku kumtangaza Msimamizi. Mimi na Miwani tulisimama mbele, bega kwa bega, nguo zimepigwa pasi. Kila mmoja alikuwa anatabasamu kwa kumwonea huruma mwenzake.

Akamtaja mke wangu.

Basi tukamsindikiza wote mpaka ofisi ya pembeni. Akafungua dirisha. Akakikalia kiti kwa ukingo, kwa woga. Fundi mmoja akamsukuma kidogo. Kiti kikazunguka, kikamleta kwetu, kikampeleka dirishani, kikamrudisha, na yeye alikuwa anacheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa wachumba. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kwa kweli sikuona wivu. Kidogo tu, kiti kilipozunguka mara ya pili.

Baadaye Miwani alikuja stoo na birika la chai. Tukaketi juu ya marobota, mimi kwa upande mmoja. Tulikubaliana kwamba uongozi ni mzigo. Tukakubaliana kwamba mke wangu ataona taabu sana huko dirishani. Si mtu mbaya, Miwani. Amenikubalia kwamba dramblys ni neno zuri.

Nyumbani nimeosha vyombo bila kuambiwa. Kimevunjika kimoja tu.

Jumapili, 16 Machi

Kazi ngumu: kumwambia Baharia. Mke wangu alitaka aende yeye, lakini mimi ndiye niliyemuuliza. Nikaichukua ile karatasi ya mgeni.

Nikamweleza, akaipokea kwa mikono miwili. Miaka yote hii amewasimulia watu kwamba huko mbali alikuwa anaitwa Ndovu. Majirani wote wanajua. Niliona nimemnyang'anya mtu kitu chake.

Akapapasa sharubu la kulia. Akapapasa la kushoto. Akainuka akaenda chumbani, kwenye kioo, na karatasi mkononi. Alikaa huko. Aliporudi alikuwa amejaa tabasamu.

"Wale vijana walikuwa na macho," akasema.

Akauliza kama huyo mnyama ni mbaya. Nikamwambia mgeni alisema hana madhara, hupenda kulala na wenzake kwenye barafu, wamebanana. Akasema ndivyo walivyokuwa wanalala melini, kwa baridi ile. Akaniomba kama anaweza kupata mmoja. Mke wangu alikuwa ameshanipa wa kumpelekea. Amemweka dirishani kwake, anatazama barabarani. Wapita njia wawili wameshamuuliza Baharia kama ni ndugu.

Jumanne, 18 Machi

Wiki inakwenda vizuri. Jeraha limepona, naweza kuketi. Supu tamu, nyumba ina amani, mke wangu anarudi jioni ananisimulia yanayoonekana dirishani.

Na kuna habari! Mnunuzi ameandika. Sasa anataka pia kipepeo wa kitambaa, wa kuning'inizwa juu ya kitanda cha mtoto, kwa nchi nyingi za Ulaya, na lebo zetu amezipenda. Mke wangu ametangaza kama Msimamizi kwamba hakuna lebo itakayopigwa mhuri kabla neno halijathibitishwa na mwenye lugha. Amesema akinitazama usoni. Bosi naye alikuwa ananitazama. Sijui kwa nini.

Lakini namwonea huruma. Barua zote hizo, kungoja majibu yote hayo, na kazi yenyewe ni nyepesi! Ndovu alikuwa mgumu kwa sababu ni mnyama mzito. Kila taifa limemvuta upande wake. Kipepeo ni mdudu asiye na uzito. Anaruka mipaka. Kila mtu lazima anamwita vilevile. Nimemuuliza Miwani, kwa kupitia tu, Kifaransa chake ni nini. Papillon. Inatosha. Sihitaji simu, sihitaji shahidi, Ulaya naijua sasa kama kiganja cha mkono wangu. Kijerumani, Papilon. Kihispania, papilone. Warusi hawapendi kufanana na wenzao: papilski. Na Kifini, ambacho sasa nimekizoea kabisa, papilsu.

Sijamwambia mke wangu. Yuko ofisini, mlango umefungwa, anaandika barua ya kuuliza. Nataka iwe zawadi. Mihuri nimeshaikata, wino upo, na robota zima la utepe mweupe, nililolipiga mhuri, limeanza kukauka huku stoo. Atafurahi sana.